Pini Kumi na Moja

Injini ilikuwa na joto.

Fundi Kipimo alilijua hilo mara tu alipoweka kiganja ubavuni mwa bloki. Hakukitoa. Alikiacha pale pale, kama mama anayempima mwanawe homa, akamtazama mwenye lori usoni.

"Umeliwasha leo, mzee?"

"Nililisogeza kidogo tu, mama. Lilikuwa limeziba mlango wa ghala."

"Kulisogeza kidogo ndiko kumepasha chuma chote hiki?"

Mzee akacheka kicheko cha mtu aliyekutwa amefunua sufuria kabla ya wageni. Alikuwa mfanyabiashara wa magodoro, mtu wa miaka sitini na ushee, mnene, nadhifu, na kila aliyemjua alimwita hivyo hivyo, Mzee Magodoro. Lori lake la dizeli liliegeshwa katikati ya uwanja wa ghala, limeoshwa mpaka kwenye ringi, boneti iko wazi.

"Basi tutasubiri lipoe," akasema Fundi Kipimo.

"Dada!" Mdogo wake alikuwa ameshapanda kwenye kiti cha dereva na kushuka mara tatu tangu wafike. "Lipoe mpaka lini? Mzee amesema kuna mnunuzi wa pili anakuja saa nane."

"Mpaka nikiliwekea mkono nisijue kama nimegusa injini au ukuta."

Saa ilikuwa nne asubuhi. Mdogo mtu akapiga teke jiwe dogo likaenda kugonga geti. Walimwita Upepo tangu utotoni, na jina halikuwa la kubahatisha. Miaka kumi na minne alikuwa ameendesha malori ya watu, akilala kwenye viti vyao na kusikiliza kelele zao, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa na nafasi ya kuendesha la kwake. Machimbo ya mawe kule mlimani yalitaka magari ya kubeba kokoto kuanzia Jumatatu. Mwenye gari aandikishe gari. Asiye nalo abaki na mdomo.

Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, alikaa kwenye rundo la magodoro yaliyofungwa nailoni, mkoba umebanwa kwapani. Ndani ya mkoba ule kulikuwa na jasho lao la miaka sita, na hakuwa tayari kuuweka chini hata alipopewa pa kukaa.

"Wifi, nisaidie kuelewa," akasema. "Kwa nini lipoe? Si ndiyo vizuri likiwa limeshapata moto?"

"Injini ya dizeli iliyopashwa haisemi kweli, wifi yangu. Chuma kikipata joto kinatanuka, penye nyufa panabanana, penye kulegea panakazika. Ukitaka kujua maradhi yake, iamshe ikiwa baridi. Ikikohoa, utaisikia. Ikitoa moshi mweupe, utauona. Ndiyo maana kuna watu huwasha gari nusu saa kabla mnunuzi hajafika."

Mzee Magodoro akajifanya anahesabu mito.

Fundi Kipimo alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema. Miaka ishirini na sita alikuwa kwenye karakana ya kuchonga bloki. Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kufagia mabaki ya chuma na kuchemsha chai. Siku moja fundi wa mashine kubwa aliteguka mkono, na mwenye karakana akagundua kwamba msichana wa ufagio ndiye pekee aliyebaki anayejua kusoma kipimo cha silinda, kwa kuwa alikuwa akichungulia begani mwa watu kila siku bila mtu kumuuliza anatafuta nini. Hakurudi tena kwenye ufagio. Jina lilimjia kwa sababu hakuwa na neno "karibu" wala neno "kama" mdomoni. Mteja akisema silinda imelika kidogo, yeye alijibu, "Kipimo kinasemaje?" Majirani zake walicheka kwamba hata kununua kabati alikwenda na utepe, akapima mlango wa nyumba kwanza, kisha kabati, kisha mlango tena.

Na Upepo alimlea yeye. Mama yao alipofariki, mmoja alikuwa na miaka kumi na minane na mwingine saba. Kwa hiyo mdogo mtu alipomwambia, "Dada, nimepata lori, njoo uliangalie tu, lakini mimi nimeshalipenda," Fundi Kipimo alielewa kwamba anaitwa kubariki ndoa iliyokwisha fungwa moyoni. Akavaa ovaroli lake, akachukua tochi, kitambaa, na kichupa cha dizeli ya kusafishia, akaenda.

Injini ikaendelea kupoa. Yeye akaanza kazi.

Alifungua kifuniko cha kujazia oili, akachungulia upande wa ndani. Hakukuwa na ute mweupe kama maziwa, ule unaotokea maji yakikutana na oili. Akavuta kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa. Oili nyeusi, ya kawaida, haina kung'aa kwa unga wa chuma. Akafurahi zaidi alipoona kwamba bloki haikupakwa rangi. Yeye na mafundi wenzake walikuwa na msemo: bloki iliyopakwa rangi mpya ni bibi harusi aliyejifunika shela, subiri alifunue. Hii ilikuwa na vumbi lake la miaka mingi lililogandamana na mafuta. Vumbi la haki.

"Naona unatabasamu," akasema Upepo.

"Bado."

Akatandika boksi chini, akalala chali, akajisukuma mpaka chini ya injini. Alimulika mfuniko wa chini wa oili, akamulika viziba vya maji ubavuni, vyote vikavu. Akapanda na mwanga taratibu mpaka nyuma ya brekiti ya alteneta, kile chuma kinachoishikilia jenereta ya umeme ubavuni mwa bloki, mahali ambapo mkono hauingii wote na watu wengi hawapaangalii. Pale vumbi lilikuwa limekaa tofauti. Si sana. Lilikuwa na weupe mwembamba pembeni, kama chumvi inayobaki shati likikaukia jasho.

Akalowesha kitambaa kwa dizeli, akasugua.

Kwanza zilijitokeza duara ndogo, moja imeshika nyingine, mstari mzima kama ushanga uliolazwa kwenye chuma. Pini. Mtu alikuwa ameziba ufa kwa pini: toboa, kata nyuzi, kaza pini, toboa tena nusu juu ya ile ya kwanza, kaza nyingine, mpaka ufa uishe, kisha sugua kwa tupa pawe sawa. Zilisuguliwa vizuri. Fundi aliyefanya kazi ile hakuwa wa kubabaisha. Fundi Kipimo akazihesabu kwa kidole. Kumi na moja.

Kisha akasugua chini kidogo ya pini ya mwisho, akaona nukta tatu zilizogongwa kwa sindano ya chuma, zimepangwa pembe tatu.

Tochi ikamponyoka ikamgonga kifuani.

Karakanani kwao kila fundi alikuwa na alama yake. Mmoja alama ya mkasi, mwingine mstari wenye mkia. Nukta tatu zilikuwa zake.

Akabaki pale chini, uso kwa uso na mkono wake wa miaka tisa iliyopita. Aliikumbuka bloki hii. Si kwamba alizikumbuka zote, lakini hii aliikumbuka kwa sababu aliigombania. Ilikuja na ufa wa urefu wa kiganja, imechemshwa na dereva aliyeendesha bila maji. Alipofika pini ya kumi na moja, ufa ulikuwa unaendelea kuingia nyuma ya kiti cha brekiti, pale brekiti inapofungwa kwenye bloki. Akamwita mwenye karakana, akamwambia zinahitajika pini sita zaidi, na hapo lazima wakate chuma cha brekiti ndipo keekee iingie. Mwenye karakana akatazama saa. Mwenye bloki amekaa nje tangu asubuhi, akasema. Anataka kuliuza gari, halipeleki vitani. Brekiti itabana.

"Basi tuipime kwa pampu ya maji tuone," Fundi Kipimo alikuwa amesema.

Lakini pampu ya kupimia ilikuwa imechanika mpira, na mpira mpya ungefika baada ya wiki tatu. Akaambiwa asugue afunge. Akasugua akafunga. Kisha, na hili ndilo lililomchoma sasa, akagonga alama yake. Kwa mazoea tu.

"Dada, umelala?" Kiatu cha Upepo kilionekana kando ya tairi. "Kuna nini huko?"

Angesema wakati ule ule, mambo yangekwisha. Maneno yalimfika kooni. Lakini juu yake alisikia mdogo wake akimwambia mzee kwa sauti ya majivuno, "Usimwone kimya, huyo akipitisha injini hata miaka ishirini haikurudii," na maneno yakarudi yalikotoka.

"Vumbi tu," akasema. "Natoka."

Saa saba aliweka mkono, na injini ilikuwa ukuta. Akamwambia Upepo awashe. Lori likaitika kwa mzunguko wa kwanza, bila kukohoa, likatoa moshi mwepesi, na moshi wenyewe ukakatika. Fundi Kipimo akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini, akakiweka kilegee juu ya tundu. Injini iliyochoka hukirusha, kwa kuwa pumzi ya silinda inapita pembeni ya pistoni na kutafuta pa kutokea. Kifuniko kikatetemeka kidogo tu kikatulia.

"Unaona?" Mzee Magodoro akafungua mikono. "Nililinunua likiwa zima, nikalitunza zima. Miaka tisa! Halijawahi kuchemka hata mara moja. Yule aliyeniuzia aliniambia injini haijawahi kufunguliwa, na mimi sijaifungua."

Fundi Kipimo akamtazama. Mzee hakuwa anadanganya. Alidanganywa, naye akakaa na uwongo ule miaka tisa akidhani ni sifa ya gari.

"Sema, dada," akasema Upepo. "Sema neno moja tu. Wifi yako anataka kufungua mkoba."

"Limekuwa likibeba nini, mzee?"

"Magodoro. Kila siku ya Mungu."

"Magodoro ni hewa iliyoshonewa kitambaa. Hilo si mzigo. Huyu anakwenda kubeba kokoto, kupanda na kushuka mlima mara nne kwa siku. Tulijaze kokoto tulipandishe. Likifika juu, nitasema neno."

Mzee alikunja uso. Alisema gari lake halijawahi kutiliwa shaka namna hii, alisema mtu wa pili anakuja na hana maneno mengi, alisema mengi. Lakini mwisho alijua kwamba anayekataa lori lake lipandishwe mlima anasema jambo bila kulisema. Akachukua kofia yake.

Wifi peke yake ndiye ambaye hakuwa anamtazama mzee. Alikuwa anamtazama Fundi Kipimo, na mikono yake.

"Wifi, mbona umegeuka rangi?"

"Jua."

"Tuko kivulini."

Fundi Kipimo akajishughulisha na kufunga boneti.

Chini ya mlima kulikuwa na uwanja wa vifaa vya ujenzi. Wakajaza kokoto mpaka springi za nyuma zikalala. Wifi alibaki ghalani, aje yule mtu wa pili akute mtu. Ndani ya kabini walikaa watatu: Upepo kwenye usukani, mzee dirishani, Fundi Kipimo katikati, na mapajani mwake kabari ya mbao nene aliyoiokota pale uwanjani.

"Hiyo ya nini?" akauliza mzee.

"Ya tairi."

"Mama, unanitia uchuro."

Barabara ya mlimani ilikuwa nyembamba, kulia ukuta wa mawe, kushoto korongo lenye vichaka. Kona ya kwanza wakapita kwa gia ya tatu. Injini ilivuma vizuri, sauti nzito ya mnyama aliyeshiba. Upepo alikuwa anaimba kwa pua. Fundi Kipimo hakuwa anatazama barabara. Macho yake yalikuwa kwenye saa ndogo ya joto, ambayo mshale wake ulikuwa umesimama chini kidogo ya katikati.

Alikuwa anaomba. Hakuwa na sala yoyote ya kueleweka, bali alirudia rudia moyoni, shika, shika, shika, akizisemesha pini zake kumi na moja. Zikishika mpaka juu, basi hakukosea. Basi miaka tisa ile ilikuwa halali, mwenye karakana alikuwa na akili kuliko yeye, na mdogo wake atapata lori lake, na hakuna mtu atakayehitaji kujua nini kiko nyuma ya brekiti.

Kona ya pili. Gia ya pili. Mshale ukafika katikati.

"Kawaida hiyo," akasema Upepo bila kuulizwa.

Kona ya tatu mlima ulisimama wima. Nyuma yao kulikuwa na gari dogo jeupe lililokuwa linatafuta nafasi ya kupita na kukosa. Upepo akaingiza gia ya kwanza, lori likatambaa, kila jiwe la kokoto likionekana kulalamika. Mshale ukapita katikati. Ukapanda kwa upana wa ukucha. Ukapanda tena.

"Punguza," akasema Fundi Kipimo.

"Nikipunguza litazimika, dada. Imebaki kona moja."

Mshale ukafika kwenye mstari mwekundu ukatetemeka pale. Mzee Magodoro alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Harufu tamu, ya maji ya rejeta yaliyoiva, ikaingia kabini.

Kisha mshale ukaanguka. Ukashuka wote mara moja, mpaka chini kabisa, ukalala.

"Ehee!" Upepo akapiga usukani. "Mmeona? Umeshuka! Limepoa!"

"Zima!"

"Nini?"

"Zima injini! Maji yamekwisha, mshale hauna cha kupima! Zima!"

Upepo akazima. Akakanyaga breki, akavuta handibreki mpaka mwisho. Lori likasimama, likafikiri, kisha mzigo ukazishinda breki, likaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, kama mtu anayeghairi. Nyuma gari jeupe likapiga honi ndefu.

Fundi Kipimo alimruka mzee. Hakukumbuka baadaye alifunguaje mlango. Alitua kwa magoti, akainuka, akakimbilia tairi la nyuma, akaitupa kabari chini yake. Tairi likaipanda nusu, mbao ikalia, ikateleza shubiri moja juu ya vumbi. Ikakwama. Lori likasimama. Akaburuta jiwe kutoka chini ya ukuta, kubwa kuliko alilopaswa kuliweza, akalibana upande wa pili. Mwenye gari jeupe alikuwa ameshatoka nje, mikono kichwani.

Kutoka chini ya injini mvuke ulipiga filimbi. Maji machache yaliyobaki yalichuruzika ubavuni mwa bloki, nyuma ya brekiti ya alteneta, yakachora mstari kwenye vumbi.

Upepo alishuka. Mzee alishuka baada yake, akaketi kwenye ukingo wa barabara, kofia mkononi.

"Ni gasketi," Upepo akasema hatimaye. "Gasketi ya hedi tu, si ndiyo, dada? Hiyo inabadilishwa kwa siku moja."

"Si gasketi. Ni bloki. Ina ufa nyuma ya ile brekiti, umezibwa kwa pini kumi na moja, na zilitakiwa kumi na saba."

"Umejuaje kumi na saba?"

Akajifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa haikuwa na kitu cha kufuta.

"Nilizipiga mimi. Miaka tisa iliyopita, kabla mzee hajalinunua. Sikumaliza ufa, na bloki haikupimwa. Alama yangu ipo. Nimeiona leo asubuhi nikiwa chini."

Mzee Magodoro aliinua uso polepole.

"Asubuhi," akasema. "Umeiona asubuhi, ukatupandisha mlima huu?"

"Nilijua nilichofanya, mzee. Sikujua kimefika wapi. Nilitaka... nilitaka lifike juu."

"Na sisi tukiwa ndani."

"Na mimi nikiwa ndani."

"Wewe ulikuwa na kabari," akasema mzee. "Mimi nilikuwa na kofia."

Siku nyingine sentensi ile ingechekesha. Upepo hakucheka. Alikuwa amemgeuzia dada yake mgongo, anatazama korongo, mabega yanapanda na kushuka. "Ungeniambia pale pale chini ya gari," akasema bila kugeuka. "Neno moja. Mimi ni nani kwako, dada? Mteja?"

Fundi Kipimo alikwenda kuangalia kama jiwe bado limeshika.

Kokoto zilishushwa kwa koleo hapo hapo barabarani, na lori likavutwa mpaka karakanani kwa Fundi Kipimo. Ghalani, mtu wa pili alikuwa amekuja kweli. Wifi, aliyekwisha pigiwa simu, alimwambia habari nzima bila kupunguza, naye akaondoka hata chai hakungoja. Jumatatu machimbo yakaandikisha malori ya watu wengine.

Upepo alikaa zaidi ya miezi mitatu bila kukanyaga kwa dada yake. Akiulizwa hali yake alisema yuko sawa, anaendesha magari ya watu kama Mungu alivyopanga. Wifi ndiye aliyekuwa anakuja, kila Jumapili, anakaa jikoni, anamenya viazi, hasemi lolote kuhusu lori. Jumapili ya tatu tu ndipo alisema, kisu mkononi, "Nilikuona umegeuka rangi. Ningekubana ungesema. Na mimi nilitaka lori." Wakaendelea kumenya.

Fundi Kipimo aliifungua injini ile mwenyewe. Mzee Magodoro alikuja kila siku, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mwanzoni kama askari anayelinda ushahidi, baadaye kama mtu asiye na mahali pengine pa kwenda. Bloki ilipotolewa ikasafishwa, aliitwa aone. Ufa ulikuwa umetambaa kutoka pini ya kumi na moja, umepita chini ya kiti cha brekiti, umekata kona kuelekea silinda ya tatu. Pini zenyewe zilikuwa zimeshika zote. Hakuna hata moja iliyolegea.

"Kwa hiyo ulifanya vizuri," akasema mzee.

"Nilifanya vizuri nusu yake."

Mafundi wenzake walisema panazibika. Yeye akachukua nyundo kubwa, akaipiga bloki mapigo matatu pale penye ufa mpaka ikapasuka wazi, asije mtu akaiuza tena. Kisha wakaanza kuzunguka, yeye na mzee, kwenye viwanja vya vyuma chakavu, wakitafuta bloki nyingine ya aina ile. Alizigonga kwa nyundo ndogo akisikiliza mlio, akapima silinda, akamulika nyuma ya kila brekiti. Saba alizikataa. Mzee alijifunza haraka, na kwenye ya sita aliikataa yeye kabla ya fundi, akionyesha kwa fimbo weupe ule wa chumvi. Ya nane wakaipeleka karakanani, akaijaza maji kwa pampu, akaiacha chini ya shinikizo tangu asubuhi mpaka jioni. Mkono wa kipimo haukusogea.

Mwezi wa nne baada ya mlima, Upepo alikuja kuliona lori. Alisimama mlangoni. Kisha akasema, "Injini ina joto?"

"Weka mkono."

Akaweka. Ilikuwa baridi. Akauliza spana iko wapi, akakaza boneti iliyokuwa imelegea, na wiki iliyofuata mkoba wa wifi ukafunguliwa. Machimbo yalikuwa yamejaa magari, ikabidi abebe mchanga wa mtoni kwanza, kazi ya malipo madogo na matope mengi. Mlimani alipanda mwaka uliofuata.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo Upepo huwasimulia watu, na huwa anaishia hapo.

Dada yake haishii hapo. Usiku ule ule wa mlima, kabla hajavua ovaroli, alikuwa ametoa daftari la zamani la kazi kutoka chini ya mashine, akatafuta zile wiki tatu ambazo pampu ilikuwa mbovu. Bloki tano zilitoka bila kupimwa, zote zimepita mikononi mwake. Moja ilikuwa ya mzee. Akaanza kuuliza habari za nyingine nne, kwa madereva, kwa wauza vipuri, kwa yeyote aliyewahi kulijua gari. Mbili zilikwisha yeyushwa zamani. Ya tatu aliikuta inazungusha mashine ya kusaga nafaka, mwendo wa siku moja kutoka kwake; mwenyewe alimshangaa mama mwenye pampu aliyekuja kupima injini bila kuitwa, lakini akamruhusu, na bloki ikawa nzima.

Ya nne iliingia kwenye lori la bluu lililouzwa, likauzwa tena, likavuka mpaka. Namba ya bloki anaijua kwa moyo. Madereva wa safari ndefu wakija karakanani huwapa imeandikwa kwenye karatasi, pamoja na namba yake ya simu, na kuwaelekeza mahali pa kumulika. Wengine huichukua kwa heshima tu. Mpaka leo hakuna aliyepiga.